Tambi za kuvuta kwa mkono za Lanzhou: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanaokwenda China kwa biashara, masomo au matembezi, na wakajikuta mbele ya dirisha la jiko lenye mvuke wasijue waseme nini. Majibu yanahusu zaidi bakuli la Lanzhou na migahawa inayobeba jina hilo katika miji mingine, kwa kuwa ndiyo utakayokutana nayo karibu kila mtaa.

## Mambo ya msingi

Tambi za kuvuta ni nini hasa?

Ni tambi za unga wa ngano zinazotengenezwa kwa mikono mitupu, bila mashine na bila kisu. Fundi huchukua donge la unga uliokandwa, hulivuta hadi mikono yake ifike mwisho wa kunyooka, huunganisha ncha mbili, kisha huvuta tena. Kila mkunjo huongeza nyuzi maradufu: mkunjo wa tatu unatoa nyuzi 8, wa saba 128, wa nane 256. Kwa fundi aliyezoea, donge huingia kwenye sufuria likiwa tambi kabla dakika haijaisha.

Kichina huziita lamian. Ni chakula cha chumvi, chenye supu ya ng'ombe. Aliyelelewa na tambi za sukari, nazi na iliki za mwezi wa Ramadhani asije na matarajio hayo.

Bakuli la Lanzhou linatakiwa liweje?

Lanzhou ni mji mkuu wa jimbo la Gansu, kaskazini-magharibi mwa China, kando ya Mto Manjano. Wenyeji hulipima bakuli kwa mambo matano, kwa mpangilio huu: supu iwe ang'avu, figili iwe nyeupe, mafuta ya pilipili yawe mekundu, giligilani na majani ya kitunguu saumu yawe kijani kibichi, na tambi ziwe na unjano.

Si mapambo tu. Supu iliyofifia kama maji ya maziwa inaonyesha kwamba ilichemshwa kwa moto mkali au povu halikuenguliwa. Figili iliyogeuka kahawia imekaa kwenye sufuria tangu alfajiri. Pilipili yenye weusi iliungua mafuta yalipomiminwa yakiwa moto kupita kiasi, nayo huacha uchungu kooni.

Supu hutokana na mifupa na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa kwa saa nyingi pamoja na viungo: tangawizi, mdalasini, shamari, anisi ya nyota, iliki kubwa nyeusi, na pilipili ya Sichuan ambayo hutia ganzi kidogo ulimini. Kila mgahawa una mchanganyiko wake na hauutaji hadharani.

Ni nani aliyezianzisha?

Mjini Lanzhou hutajwa Ma Baozi, Mwislamu wa jamii ya Hui, aliyeanza kuuza tambi za supu ang'avu mwaka 1915. Zipo simulizi za zamani zaidi. Mwaka 2021 ufundi wa bakuli hili uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika nchini China.

Kwa nini bango ni lilelile la Lanzhou lakini ladha ya Guangzhou si ya Lanzhou?

Kwa sababu migahawa mingi ya nje ya Gansu inamilikiwa na familia zilizotoka Hualong, katika jimbo jirani la Qinghai, ambako biashara hii ndiyo iliyowatoa vijana wengi vijijini. Wao huuza tambi za supu pamoja na wali, tambi za kukaanga na kuku wa sahani kubwa, na hufungua mchana kutwa. Mgahawa wa Lanzhou kwenyewe huuza bakuli moja tu, yai, nyama ya ziada na vibakuli vya kachumbari, basi.

Si haki kuwaita watu wa Hualong waigaji. Mikono yao ni ileile na wengi huvuta tambi safi sana. Supu ndiyo hutofautiana: ya Lanzhou ina viungo vingi na kina zaidi.

## Halali na adabu za mahali

Je, chakula ni halali?

Kwa kawaida ndiyo, kwa kuwa wenye migahawa ni Wahui au Wasalar, nao ni Waislamu. Tafuta herufi 清真 (qingzhen) kwenye bango au kwenye cheti kilichobandikwa ukutani karibu na malipo. Usitegemee maandishi ya Kiarabu: tangu mwaka 2019 hivi yameondolewa kwenye mabango ya migahawa mingi kwa agizo la serikali, ilhali jiko lenyewe halikubadilika.

Neno "lamian" peke yake si dhamana. Lamian ya mtindo wa Kijapani mara nyingi huwa na supu ya nguruwe, na wauzaji wa kawaida wa Kichina nao wana tambi zao. Pasipo herufi hizo mbili, uliza kabla ya kulipa.

Nikiwa si Mwislamu kuna la kuzingatia?

Usiingie na chakula cha nguruwe ulichonunua kwingine, hata kama umekifunga kwenye mfuko. Migahawa mingi haiuzi pombe na haipendi uje na chupa yako. Wakati wa Ramadhani baadhi hufunga mchana na kufungua jua linapotua.

Guangzhou nizitafute wapi?

Ukifikia Xiaobei au Sanyuanli, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika wamezoea kulala na kununua mzigo, huhitaji kwenda mbali. Siku ya Ijumaa, waliosali Msikiti wa Xianxian karibu na bustani ya Yuexiu huwa na vyakula vingi vya Kiislamu jirani. Yiwu nako, mji wa biashara katika jimbo la Zhejiang, mitaa ya kuzunguka soko kuu la jumla ina migahawa ya Wahui kwa wingi.

## Kuagiza

Ninaanzia wapi nikiingia?

Katika mgahawa wa Lanzhou halisi, unaanza kwa kulipa. Unataja bakuli na nyongeza zako, unapewa tiketi, unaipeleka dirisha la jiko. Hapo fundi atakuuliza jambo moja: unene wa tambi. Jibu papo hapo, maana donge liko mkononi na nyuma yako kuna foleni. Tambi zikishaiva, mtu wa supu huongeza figili, vipande vya nyama, majani na pilipili mbele yako. Ukitaka kitu kiachwe, mwambie yeye, na kabla hajachota. Kisha unabeba bakuli mwenyewe hadi mezani.

Katika migahawa ya Guangzhou na Yiwu mara nyingi unakaa kwanza, unaonyesha picha ukutani, unaletewa, unalipa. Unene usipoutaja utaletewa tambi nyembamba za duara.

Nichague unene upi?

Swali hili ndilo linaloamua mlo wako, kwa sababu supu na nyama ni zilezile kwa wote. Tofauti kati ya bakuli lako na la jirani ni unene. Katika matamshi, x isome kama "sh" nyepesi, q kama "ch".

*Maoxi* (毛细) ni nyembamba kama nywele, mikunjo 8 kwa kawaida. Huiva kwa nusu dakika hivi, hunywa supu haraka na hulainika haraka vilevile. Ni nzuri kwa mtoto, mzee au aliyetoka kuumwa, mradi ale mara moja.

*Xi* (细) ni nyembamba ya kawaida. *Er xi* (二细) imezidi unene kidogo: ina kiini cha kutafunika na inavumilia ukiongea huku unakula. Kwa mtu wa mara ya kwanza, er xi ndiyo tunayoipendekeza bila kusita. Ina mshiko wa kutosha kuonyesha kazi ya fundi, na bado inabeba supu.

*Jiu ye* (韭叶) ni bapa na nyembamba, upana wa jani la jiucai, mboga ya jamii ya vitunguu. *Kuan* (宽) ni pana, na *da kuan* (大宽) hufikia upana wa mkanda. Hizo mbili huhitaji dakika moja na nusu au zaidi, na hushika mafuta ya pilipili kuliko zote. Asiyezoea vijiti atazihangaikia, kwani huteleza na kurusha matone kwenye shati.

*Qiaomai leng* (荞麦棱) ina pembe tatu, kama punje ya qiaomai, nafaka iitwayo buckwheat kwa Kiingereza. Si kila fundi anaiweza, na saa ya msongamano wengine hukataa kuitengeneza. Usibishane.

Maneno gani yanatosha?

Haya yanatosha. Kama ulimi haukubali, onyesha maandishi kwenye simu:

- 不要辣 (bu yao la): bila pilipili
- 少辣 (shao la): pilipili kidogo
- 不要香菜 (bu yao xiangcai): bila giligilani
- 加肉 (jia rou): ongeza nyama
- 加蛋 (jia dan): ongeza yai
- 加面 (jia mian): ongeza tambi
- 打包 (da bao): nifungie niondoke nayo

Mpishi mwite *shifu*, na mwenye mgahawa *laoban*.

Mbona nyama ni kidogo hivi?

Ndivyo bakuli la kawaida lilivyo: vipande vidogo vilivyokatwa, vya kutia ladha. Anayetaka kushiba nyama huagiza sahani ya jia rou, ambayo ni nyama ya ng'ombe iliyopikwa, ikapozwa na kukatwa vipande vyembamba. Mimina nusu kwenye supu ipate moto, nusu uile ikiwa baridi. Ukichanganya na yai lililochemshwa kwenye majani ya chai na viungo, huo ni mlo kamili wa Lanzhou.

Bei ni kiasi gani na ninalipaje?

Lanzhou, bakuli la kawaida huwa chini au karibu ya yuan 10. Guangzhou na miji mingine mikubwa, yuan 12 hadi 20, na nyama ya ziada huhesabiwa peke yake. Mjini Lanzhou bei ya bakuli hili si jambo dogo: mwaka 2007, ilipopanda ghafla, serikali ya mji iliweka kikomo cha yuan 2.5 kwa bakuli kubwa katika migahawa ya kawaida.

Malipo ni kwa programu za simu za Alipay au WeChat, kwa kupiga picha alama ya mraba iliyobandikwa mezani au ukutani. Kadi ya Visa au Mastercard ya benki ya nyumbani inaweza kuunganishwa, nayo malipo yasiyozidi yuan 200 hayatozwi ada ya ziada na Alipay. Iunganishe kabla ya kusafiri, kwa sababu benki yako inaweza kutuma namba ya uthibitisho kwenye laini ambayo haitashika ukifika. Noti bado hupokewa, ila beba ndogondogo; mwenye mgahawa hana chenji ya yuan 100 saa moja asubuhi.

Saa gani ni nzuri?

Lanzhou, asubuhi. Hiki ni chakula cha kifungua kinywa, milango hufunguliwa kwenye saa 12, na migahawa mingi inayoheshimika huwa imefunga kufikia saa 8 mchana. Supu ya saa za mwanzo ndiyo safi zaidi. Kadiri siku inavyokwenda huongezwa maji na chumvi. Nje ya Lanzhou utahudumiwa hadi usiku, ila epuka saa 6 hadi 7 mchana kama unataka fundi asikilize maombi yako.

## Mezani

Nianze na nini?

Onja supu kwanza kabla hujakoroga pilipili. Baada ya hapo inua tambi kutoka chini mara mbili tatu ili zisigandane, na anza kula. Siki nyeusi iko mezani: kijiko kimoja cha chai kinaongeza uhai katikati ya bakuli, lakini ukiimwaga mwanzoni utafunika viungo vyote. Vitunguu saumu vibichi vilivyoko kwenye kibakuli ni vya bure. Humenywa na kung'atwa kidogokidogo pamoja na tambi.

Kuvuta tambi kwa sauti si utovu wa adabu. Kuinua bakuli na kunywa ukingoni ni sawa pia. Kisichofaa ni kusimamisha vijiti wima ndani ya chakula, kwani hufanana na vijiti vya ubani vya kuombolezea wafu.

Sijui vijiti. Nifanyeje?

Shika vijiti karibu na ncha ya juu, inua nyuzi chache tu, tano au sita, inamia bakuli, na uache nyingine zining'inie kurudi kwenye supu. Kosa la kawaida ni kuinua fungu zima. Uma hupatikana kwa nadra, basi beba wako kama unaona tabu. Kijiko kipo daima.

## Yanayoharibika, na sababu zake

Kwa nini tambi zangu zimegandana au kuwa teketeke?

Mara nyingi kosa ni la muda. Tambi huendelea kuiva ndani ya supu ya moto, na maoxi ikikaa dakika kumi haina tena mshiko. Kama zimegandana tangu zilipoletwa, sufuria ilijazwa kupita kiasi au maji yake hayakubadilishwa, yakawa mazito kama uji. Zikikatikakatika ukizigusa, unga haukupumzishwa vya kutosha.

Ile ladha ya sabuni inatoka wapi?

Inatoka kwenye majivu. Unga wa Lanzhou hutiwa *penghui*, majivu ya mmea wa jangwani ambayo kwa sehemu kubwa ni potasiamu kaboneti; siku hizi wengi hutumia unga wa kiwandani wenye kazi hiyo hiyo. Ni jamaa wa magadi yetu. Alkali hiyo hukaza gluteni, protini ya ngano, ili donge livutike bila kukatika, na ndiyo inayoleta unjano. Kiasi kinachotakiwa ni kidogo sana, gramu 5 hadi 10 hivi kwa kilo ya unga. Kikizidi, tambi huwa njano kali, zinateleza ajabu, na mdomoni zinabaki na uchungu wa sabuni. Siki hupunguza hali hiyo, lakini mgahawa wa namna hiyo usirudi.

Nitajuaje kama tambi zinavutwa kweli?

Sikiliza. Donge hupigwa mezani kwa kishindo kila mvuto, na sauti hiyo hufika hadi mlangoni. Angalia pia nyuzi: za mkono hazilingani kabisa, nyingine nene kidogo, na kwenye fungu huwa na ncha nene ambayo fundi huinyofoa na kuirudisha kwenye unga. Nyuzi zilizolingana zote, zenye kona nne kali, ni za mashine.

## Hali za pekee

Sili nyama. Kuna kitu?

Supu yote ni ya ng'ombe, hata ukisema wasiweke vipande. Nje ya Lanzhou omba tambi za nyanya na mayai, 西红柿鸡蛋面, na useme zisitiwe supu ya nyama, au tambi za kukaanga na mboga. Lanzhou kwenyewe utaambulia kachumbari na yai.

Nina tatizo la ngano. Ile ya "qiaomai" si ya nafaka nyingine?

Hapana, na hapa watu huumia. Jina linafuata umbo la punje ya nafaka hiyo, lakini unga ni wa ngano tupu kama zote (tazama swali la unene). Hata wali wa mgahawa huo hupikwa katika jiko lililojaa vumbi la ngano, na mchuzi wa soya huwa na ngano pia. Mwenye ugonjwa wa siliaki asile hapo.

Na presha?

Chumvi iko ndani ya tambi na ndani ya supu. Kula tambi, figili na nyama, uache supu. Kuhusu kiungo cha kukoleza ladha, 味精 (weijing), ombi lako litasaidia kwenye vyakula vya kukaanga tu. Supu imeshakolezwa tangu asubuhi.

Naweza kubeba nikale hotelini?

Waambie watenganishe supu na tambi, na chagua er xi au jiu ye. Umbali ukizidi dakika kumi na tano, chukua tambi za kukaanga badala yake, 炒拉面, ambazo hazina supu ya kuzilainisha.

Naweza kuzivuta nyumbani?

Nyembamba za Lanzhou, si rahisi: zinahitaji penghui ya chakula na mkono wa miezi kadhaa. Usijaribu na magadi ya sokoni, kwa kuwa nguvu yake haipimiki na mara nyingi yana uchafu. Pana, ndiyo. Chukua unga wa ngano gramu 300 wenye protini ya 11 kwa kila 100 au zaidi (soma pakiti, na usitumie uliotiwa hamira), maji mililita 160 na chumvi gramu 3. Kanda dakika 10, funika dakika 20, kanda tena hadi uwe laini. Gawa madonge 5, yapake mafuta, yafunike yasikauke, na yaache saa mbili.

Bandua donge moja, lisukume liwe bapa, refu kama kiganja. Shika ncha mbili, vuta taratibu, kisha pigisha katikati yake mezani huku ukiendelea kuvuta. Likigoma na kurudi nyuma, usilazimishe. Liache dakika 15 nyingine. Likichanika kwa urahisi, maji yalikuwa mengi au protini ya unga ni ndogo. Chemsha kwa dakika mbili kwenye sufuria kubwa yenye maji yanayotokota, donge mojamoja, na supu iwe tayari kwenye bakuli kabla hujaanza kuvuta.